Simu ya Bi Spiriti

“Bibie, simu hii haikuanguka wala haikulowa mvua. Hii imeuawa kwa usafi.”

Fundi aliyasema hayo bila kucheka, ameishika simu kwa ncha za vidole chini ya taa yake ya mezani. Ilikuwa mchana, na mchana uchochoro wa mafundi simu hauna nafasi hata ya kupigia chafya. Spika zinashindana kwa kelele, wauza makava wanaita wateja kwa majina ya kubuni, wapita njia wanakanyagana visigino na hakuna anayeomba radhi. Katikati ya zogo hilo alisimama msichana mwenye gauni la samawati na raba nyeupe pee. Nywele alizibana nyuma, hana hereni, hana bangili, kucha kazikata mpaka karibu na nyama. Pambo lake lilikuwa uso peke yake, na Fundi aliona unatosha.

“Tangu lini usafi ukaua?” msichana aliuliza.

“Unaifutia nini?”

“Spiriti.”

“Kila siku?”

“Kila nikiishika.”

“Basi huifuti, unaiogesha. Spiriti imeingia kwenye maiki, imelegeza gundi ya kioo, imeteremka mpaka huku kwenye chaji. Hata maiti haogeshwi hivi.”

Fundi wa meza ya jirani aliangua kicheko. Msichana alijikaza asicheke, lakini midomo ilimsaliti.

“Mimi ni nesi,” alisema. “Ungejua simu inabeba nini, usingeiweka shavuni.”

“Nashika simu za watu kutwa nzima na bado mzima.”

“Wewe mzima. Mgonjwa wangu si mzima.”

Fundi alikosa la kujibu, jambo ambalo uchochoro mzima ungeshuhudia kwamba ni nadra. Aliinamisha kichwa akaanza kufungua skrubu. Jioni simu ilipopona na mwenyewe akaichukua, hakufika hata kituoni ikalia.

“Napima maiki tu,” sauti ya Fundi ilisema.

“Maiki nzima.”

“Ahsante. Sasa napima kama mwenye simu amekula.”

“Fundi, unapima wateja wote hivi?”

“Wateja wote hawaitwi Bi Spiriti.”

Hivyo ndivyo penzi lilivyoanza, na lilipoanza halikutafuta breki. Walipigiana simu asubuhi kabla ya zamu na jioni baada ya zamu. Walitembea madukani bila kununua kitu. Fundi alijifunza kunawa mikono kama mtu anayekwenda kupasua tumbo, maana Bi Spiriti alikuwa hamruhusu amshike kiganja kabla hajaona sabuni imepita katikati ya vidole na kwenye kifundo. “Wenzangu wanaombwa maua,” alilalamika Fundi. “Mimi naombwa povu.” Bi Spiriti alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi alimpeleka hata kwa Dada yake. Dada alikuwa mshonaji. Mama yao alipofariki, Fundi angali mdogo wa kubebwa, Dada ndiye aliyemlea kwa cherehani yake, na wachumba waliokuja akawageuza mlangoni kwa sababu hakuna aliyetaka kuoa binti mwenye mtoto wa mama yake mgongoni. Siku hiyo alimtazama Bi Spiriti juu mpaka chini, akatema sindano iliyokuwa mdomoni, akasema, “Huyu ndiye aliyemfanya mdogo wangu anawe? Mimi miaka yote nimeshindwa kwa fimbo.” Wawili hao walielewana papo hapo.

Simu ikafa tena kwa maradhi yale yale. Safari hii Fundi aliweka kioo kipya kabisa, akakifuta kwa kitambaa laini mpaka kikang’aa, akaishikilia simu kifuani.

“Hii zawadi. Ina sharti moja.”

“Sharti gani, mpenzi?”

“Usiipake tena spiriti. Kitambaa kikavu tu. Nifanyie hilo moja, kwa ajili yangu.”

Bi Spiriti aliitazama simu, akamtazama yeye, na mtu anayependa ukimtazama hivyo anakuwa hana mifupa.

“Haya,” alisema. “Kwa ajili yako.”

Fundi alitembea siku hiyo kifua mbele. Hakujua kwamba ndiyo siku aliyojichimbia shimo.

Mambo yaliharibika nyumbani kwa Dada. Alianza kwa homa na kichwa, akameza dawa za dukani, akasema ni uchovu. Siku ya pili alimwita Fundi kwa jina la baba yao aliyekwisha kufa. Kisha Fundi akamkuta ameketi mbele ya cherehani, anavitia vifungo vya shati kwenye kikombe cha chai, kimoja kimoja, anakoroga.

“Dada, unafanya nini?”

“Sukari haiyeyuki,” alijibu, na macho yake hayakuwa yake.

Fundi alikuwa bado ameduwaa mlangoni pale Dada alipokakamaa, akaanguka chini, mwili ukaanza kurukaruka. Alipiga simu, akakosea namba mara mbili.

“Anakufa! Bi Spiriti, Dada anakufa!”

“Sikiliza. Anatikisika?”

“Mwili mzima!”

“Ondoa kila kitu kilicho karibu naye. Usimshike kwa nguvu. Usimtie chochote mdomoni, hata kijiko, umenisikia?”

“Nimesikia. Povu linamtoka!”

“Akitulia kidogo mgeuze ubavu, mate yatoke nje. Kichwa kiwekee kitu laini. Mwite jirani mwenye gari sasa hivi. Fundi, mpenzi, pumua. Mimi nipo kazini, nakungojeni mlangoni.”

Naye alikuwepo mlangoni kweli, amevaa sare nyeupe na aproni, kitanda cha magurudumu kimetangulizwa. Hakumkumbatia Fundi. Hakumtazama hata usoni. Aliweka vidole kwenye mshipa wa Dada, akaanza kutoa amri kwa sauti ya chini ambayo watu waliitii wakikimbia.

Daktari alisema ubongo wa Dada umevimba kwa sababu ya virusi. Dawa ipo, alisema, na imeanza kuingia mwilini. Ila dawa peke yake haimwokoi mtu wa namna hii. Mgonjwa hajitambui, hamezi, hajigeuzi. “Atakayemvusha ni nesi,” alimaliza.

Kwa hiyo Fundi akaona kazi ya yule aliyekuwa akimtania. Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwani ili damu isizidi kujaa ubongoni. Pazia lilifungwa, taa ikapunguzwa, kelele zikapigwa marufuku, kwa sababu ubongo uliovimba hata mlango ukibamizwa unaweza kuuamsha ukaanza kurusha mwili tena. Reli za kitanda zilizungushiwa mito. Bi Spiriti alimgeuza Dada ubavu huu na ubavu ule ili ngozi isichubuke, akamsafisha kinywa kwa pamba, akamlisha kwa mpira mwembamba uliopita puani. Kila alipotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine alinawa. Alinawa mpaka ngozi ya mikono ikapasuka, kisha akanawa tena.

Aliyempa kazi zaidi ya ugonjwa ni Shangazi wa akina Fundi. Shangazi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto, na aliingia wodini na chupa ya supu.

“Mwanangu ana njaa! Nipisheni nimpe kijiko kimoja.”

“Mama, samahani,” Bi Spiriti alimzuia. “Hawezi kumeza. Supu itaingia kwenye mapafu.”

“Tumelea watoto kabla hujazaliwa wewe!”

“Ni kweli, mama. Na mikono, tafadhali, kabla hujamshika. Sabuni ile pale.”

“Nina ukoma mimi?”

“Hapana, mama. Wagonjwa hapa hawana kinga ya kujipigania. Kitakachokuletea wewe mafua tu, yeye kitamzika.”

Shangazi alinawa, akisonya kwa kila tone. Kisha akamvuta Fundi koridoni. “Huyu ndiye unayetaka kutuletea? Ataturuhusu kweli kushika mjukuu?”

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya vifungo. Moyoni alikuwa anampenda Bi Spiriti kwa namna mpya, namna yenye heshima ndani yake, na alijiambia kwamba Dada akipona tu atakwenda kujitambulisha kwao rasmi, bila kungoja kingine.

Na Dada alielekea kupona. Homa ilishuka. Asubuhi moja alifumbua macho, na Bi Spiriti alipomwambia abane kidole, alibana. Fundi alilia hadharani wala hakuona haya.

Kesho yake homa ikarudi, na safari hii ilirudi na hasira. Mkono wenye kanula, pale dripu ilipoingilia, ulikuwa umevimba na kuiva. Dada alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Walichukua damu yake, wakakuta mdudu mwingine kabisa, asiyehusika na ule ugonjwa wa kwanza. Mdudu wa hospitali, mwenye kiburi, asiyesikia dawa za kawaida. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye alikuwa ameanza joto.

Wodi iligeuka kituo cha polisi. Watu wa maabara walikuja na vijiti vya pamba, wakapitisha kwenye mabomba, vitasa, meza, mikono ya wauguzi, pua za wauguzi, hata mifuko ya sare. Wauguzi hawakutaniana tena. Dada alihamishiwa chumba cha peke yake, na Fundi alivalishwa aproni na glovu ili amwone kwa dakika chache tu. Daktari alimwambia ukweli mtupu: dawa mpya imeanzishwa, lakini mwili umechoka; wajiandae kwa lolote.

Siku hiyo hiyo Bi Spiriti akatoweka.

Hakuwepo zamu ya asubuhi. Hakuwepo zamu ya mchana. Fundi alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa haipatikani. Akawauliza wauguzi wenzake. Mmoja akajifanya anatafuta bandeji, mwingine akasema, “Amehamishwa,” kisha akakaza mwendo.

“Amehamishwa wapi? Dada yangu anakufa na yeye amehamishwa?”

Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi la koridoni, mikono imekunjwa. “Nilisema mimi,” alitamka polepole. “Siku za kucheka alikuwepo. Kimenuka, ameruka ukuta.”

Fundi alimtafuta jengo kwa jengo. Alimkuta nyuma kabisa, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, amezungukwa na mvuke na milio ya masinia, amevaa buti za mpira na aproni ndefu, jasho linamtiririka. Macho yalikuwa mekundu. Alipomwona Fundi alirudi nyuma hatua moja.

“Usinikaribie.”

“Nisikukaribie?” Fundi alihisi damu inampanda kichwani. “Kule Dada ana homa ya kuunguza shuka, wewe huku unaosha mikasi? Sipokelewi simu, sijibiwi, kwani nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Nimehamishwa tu.”

“Uliomba uhame?”

Mvuke ulipita katikati yao.

“Jibu! Uliona anakwenda kufa ukaona usiwe karibu, lawama zisikuguse?”

“Fikiria unavyotaka, Fundi.”

“Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nilidhani wewe ni zaidi ya rafiki. Kumbe hata urafiki haupo!” Sauti yake ilipasuka. “Shangazi alikuona mapema. Mimi ndiye kipofu.”

Angekuwa mwanamke mwingine angemrushia sinia. Bi Spiriti alisimama, mikono ndani ya glovu nene imening’inia, akayapokea maneno yote mpaka la mwisho. Kisha akageuka akaendelea na vyombo vyake. Fundi aliondoka akiwa ameshinda ugomvi, na hakuna siku aliyowahi kujisikia vibaya zaidi ya hiyo.

Aliyemfumbua macho ni Mkuu wa wodi, mama wa makamo mwenye miwani na uso usiojua mzaha. Alimkuta Fundi nje ya chumba cha Dada amevaa aproni tayari kuingia, simu mkononi, anataka kumwekea Dada sikioni sauti za wateja wake wa ushonaji wanaomsalimu.

“Hiyo inabaki nje,” alisema Mkuu wa wodi.

“Ni salamu tu, mama.”

“Salamu msomee kwa mdomo. Simu hairuhusiwi humu, labda ifutwe kwa spiriti mbele ya macho yangu. Tumeshaumia.” Alishusha pumzi. “Wewe ni ndugu wa mgonjwa, una haki ya kujua. Yule mdudu aliye kwenye damu ya dada yako tumemkuta kwenye simu ya muuguzi mmoja. Siwezi kuapa kwamba alitokea pale. Huenda alitokea kwingine, simu nayo ikambeba tu. Lakini ni yule yule. Muuguzi anapokea simu ya daktari, anairudisha mfukoni, anashika dripu. Inatosha.”

Fundi aliuliza, ingawa alikwisha jua. “Muuguzi gani?”

“Niliyekuwa namtolea mfano kwa wengine. Nilimuuliza, wewe, wewe mwenyewe, kwa nini hukuifuta simu? Akasema alisahau.”

“Alisahau?”

“Ndivyo alivyosema.”

Fundi aliegemea ukuta. Mwanamke yule hakusahau kunawa hata siku alipofiwa na bibi yake. Hakusahau, alikatazwa. Alikatazwa na mtu aliyekuwa akijali kioo, mtu aliyesema *kwa ajili yangu*, akatembea kifua mbele. Na yeye badala ya kulitaja jina hilo alijibebesha aibu yote, akakubali kupelekwa kwenye mvuke, akakubali hata kuitwa mtoro na mtu yule yule aliyekuwa akimficha.

“Mama,” alisema. “Hakusahau. Mimi ndiye niliyemwambia asipake spiriti. Niliogopa kioo kitaharibika.”

Mkuu wa wodi alivua miwani, akamtazama kwa muda.

“Wewe una cheti cha unesi?”

“Sina.”

“Basi kosa si lako. Nesi ni yeye, na analijua hilo. Lakini sasa ninaelewa. Nilijua ananificha kitu, sikujua kwamba anamficha mtu.” Akavaa miwani. “Ingia ukamwone dada yako. Bila simu.”

Fundi aliingia, akamsomea Dada salamu za wateja kwa mdomo, moja baada ya nyingine, kwenye sikio lililokuwa likiunguza. Alikuwa anaogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, kumpoteza Dada na kumpoteza Bi Spiriti, na hakujua lipi linamtisha zaidi.

Dawa mpya ilichelewa kushika, kisha ikashika. Homa ilishuka kwa kusitasita, ikapanda, ikashuka tena, na mwishowe ikakaa chini. Mgonjwa wa jirani naye akapona. Mkuu wa wodi alipomwambia Fundi kwamba hatari imepita, Fundi alimshukuru, akamshukuru na daktari, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la geti la wafanyakazi mpaka Bi Spiriti alipotoka. Alikuwa amevaa gauni lile lile la samawati. Lilikuwa limempwaya.

“Ametoka hatarini,” Fundi alisema haraka, kabla hajapitwa.

“Najua. Naulizia kila siku.” Alisimama, ila hakuketi. “Nimefurahi mno, Fundi.”

“Mkuu wa wodi ameniambia.”

Bi Spiriti alifumba macho.

“Kwa nini hukusema? Nilikutukana! Nilikutukana na wewe ulikuwa unanisitiri mimi!”

“Ungefanya nini ukijua? Dada yako alikuwa anakata roho. Ungekaa pale kitandani ukijihesabu muuaji. Huo mzigo nilikuwa naumudu mimi kuliko wewe.”

“Ulikuwa mzigo wangu.”

“Haukuwa wako!” Hapo ndipo sauti yake ilipopanda, na wapita njia wawili waligeuka. “Wewe ni fundi simu, ulisema mambo ya simu. Mimi ndiye nesi. Nilijua, Fundi. Kila nilipoitoa mfukoni nilijua, mkono ukaenda kwenye spiriti, nikakukumbuka, nikaurudisha. Niliyaweka mapenzi mbele ya mgonjwa. Ndilo linaloniuma, si maneno yako. Nikiwa na wewe naogopa kwamba naacha kuwa mimi.”

Fundi alitaka kusema mengi matamu. Ulimi wake ulikuwa hodari kwa matamu. Akayameza yote.

“Basi nipinge,” alisema. “Nikisema upuuzi, niambie ni upuuzi. Nikilia, niache nilie. Sikukupenda uwe mpole kwangu. Nilikupenda siku ile uliyoniambia mgonjwa wako si mzima, nikakosa la kusema.”

Bi Spiriti alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, mkono uliopasuka ngozi.

“Nikikurudia,” alisema hatimaye, “Dada na Shangazi wanajua kwanza. Kutoka kinywani mwangu. Siingii kwenye nyumba ambayo haijui nilichowafanyia.”

“Shangazi atakuchinja.”

“Achinje.”

Walikwenda Dada alipokwisha kurudi nyumbani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Dada alikuwa kitini kando ya dirisha, amekonda, kitambaa chekundu kichwani, mikono mapajani. Ugonjwa ulimwachia uhai ukachukua malipo yake. Mambo ya zamani aliyajua yote, mpaka bei za vitambaa za miaka ya nyuma, lakini ya karibuni yalikuwa hayakai. Daktari alisema huenda yatarudi polepole, huenda mengine yasirudi. Shangazi alikuwa amehamia hapo, naye alipomwona aliyeingia na Fundi alibamiza sufuria.

Dada alitabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamiwa mgeni. “Karibu, mama. Wewe ni nani?”

Bi Spiriti alipiga magoti mbele ya kiti. Aliishikamanisha mikono.

“Dada, mimi ni nesi niliyekuuguza. Ubongo wako ulivimba, ukaanza kupata nafuu. Halafu ukapata ugonjwa mwingine ukiwa kitandani kwetu, mdudu aliingia kwenye damu, ulikuwa ufe. Mdudu huyo alikutwa kwenye simu yangu. Nilikuwa siifuti. Nilijua inatakiwa nifute, sikufuta. Nimekuja kukuomba radhi.”

“Unasema nini?” Shangazi alisimama katikati ya chumba. “Wewe! Wewe uliyenifukuza na supu yangu, uliyeninawisha kama mtoto, kumbe mchafu ni wewe! Ulitaka kuniulia mwanangu!”

“Ndiyo, mama. Nilikaribia.”

“Anasema ndiyo! Fundi, unasikia anasema ndiyo?”

“Shangazi, mimi ndiye niliyemwambia...”

“Nyamaza, Fundi,” Bi Spiriti alisema bila kugeuka. “Ni langu.”

Dada aliwatazama wote watatu. Alinyoosha mkono akamgusa Bi Spiriti begani. “Lakini nimepona, si ndiyo?”

“Umepona, Dada.”

“Basi inuka, magoti yatauma.” Akageukia dirishani, akawatazama watoto waliokuwa wakikimbizana nje. Shangazi alikwenda jikoni, akarudi, akaenda tena, anasema peke yake. Bi Spiriti alikuwa bado hajakaa sawasawa kitini pale Dada alipogeuka, akatabasamu kwa adabu ile ile.

“Karibu, mama. Wewe ni nani?”

Fundi aliinama akamnong’oneza Bi Spiriti, “Sema ni rafiki yangu. Basi. Umeshasema mara moja, inatosha.”

Bi Spiriti alitikisa kichwa. Alipiga magoti tena, akaanza upya: ubongo, mdudu, simu, kwamba alijua na hakufanya. Hakuruka neno. Safari hii machozi yalimtoka katikati, akangoja yapungue, akaendelea mpaka kwenye radhi. Shangazi alisikiliza akiwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, na hakupiga kelele.

“Pole, mwanangu,” Dada alisema. “Umelia sana. Mpeni maji.”

Fundi alileta maji. Bi Spiriti alikunywa, glasi inagonga meno. Dada alimtazama akinywa, akatazama kitambaa cha meza, akakinyoosha, akatafuta pindo lililofumuka kwa vidole vyake vya mshonaji. Kisha akainua macho, na wote waliyaona yakiwa matupu tena kabla hajafungua mdomo.

“Huyu binti mzuri ni nani?”

Bi Spiriti aliweka glasi chini. Alijishika kwenye meza, akaanza kushuka magotini kwa mara ya tatu, uso umemchoka kabisa.

“Kaa,” alisema Shangazi.

Alikuwa ameuacha mwiko. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Bi Spiriti, akamsukuma bega akae, na mkono akauacha hapo hapo.

“Huyu ni wifi yako,” alimwambia Dada. “Anaolewa na mdogo wako.”

Dada alipiga kofi mapajani kwa furaha. “Wifi yangu! Na nyie mbona hamkuniambia?”

“Tunakwambia sasa,” alisema Shangazi. “Na ukisahau, tutakwambia tena.”